Masinia Mawili na Mkono wa Saidi

Sebuleni kwangu hapa Malindi, ile ya milimani Usambara, si ya pwani, kuna kisanduku cheusi ambacho wageni hudhani ni kisagio cha kahawa. Kina mkono wa kuzungusha ubavuni, na ukiuzungusha kwa nguvu kinakoroma kama mzee aliyeshiba, kisha inatoka harufu ya grisi ya zamani na ya kitu kingine, kama hewa inavyonuka baada ya radi kupiga karibu. Mafundi umeme walikitumia kupimia kama nyaya zinavuja. Kwa kukizungusha tu, bila betri wala waya wa nguzoni, kinatoa volti elfu moja.

Katika sebule hiyo nina vitu vingine vya kujivunia. Nina picha yangu nikiwa nimevaa kofia ngumu kwenye migodi ya shaba kule Zambia, mafundi watano wakiwa chini yangu. Nina stashahada yangu ya ufundi umeme, iliyotiwa fremu na kioo. Mtu wa kwanza katika mgongo huu wa mlima kupata stashahada ya umeme ni mimi, wala silisemi jambo hilo kwa kunong'ona. Lakini harufu ya kisanduku kile ikinifika puani, nakuwa tena kijana wa kidato cha tatu mwenye miguu ya baridi na moyo wa wivu. Na wivu ule, ndugu zangu, ulikuwa na jina. Uliitwa Saidi.

Saidi alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa Magoma, kule chini kwenye joto. Alipandishwa kwetu ili asome, kwa kuwa shule ya sekondari ya kulipia ilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani. Alifika msimu wa ukungu, ule ambao kabichi zinatoka jasho na moshi wa jikoni unakataa kupanda. Alikuwa na shati jepesi na kandambili. Sisi wa juu tulikuwa na mzaha wetu kwamba mtu wa bondeni akipanda mlimani huja na ngoma yake mdomoni, na kweli, meno ya Saidi yalikuwa yanapiga. Mama alimtazama mara moja, akaingia chumbani, akatoka na blanketi la baba.

Hapo sina budi kusimama kidogo. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Blanketi lake lilikuwa la kijivu lenye mstari mwekundu, na miaka yote lilitunza harufu ya tumbaku yake. Mama alilifungia sandukuni. Kila nilipoliomba alisema, "Bado hujalifikia urefu." Nami nilikuwa narefuka kwa bidii, nikijipima kwenye mwimo wa mlango.

"Mama, huyu ni mfupi kuliko mimi," nilisema siku ile, Saidi akiwa ameshafunikwa mpaka masikioni.

"Baridi haipimi urefu," Mama alijibu, akageukia chungu chake.

Tangu hapo kila kitu kilihama. Kiti changu karibu na mafiga kikawa cha Saidi, kwa sababu alikuwa mgeni wa baridi. Ukoko wa ugali, ambao ulikuwa haki yangu tangu nianze kuota meno, ukawa unakatwa vipande viwili. Hata kicheko cha Mama, ambacho baada ya msiba kilikuwa kimeadimika, Saidi alikipata kirahisi tu. Alikuwa akimsimulia habari za Magoma, jinsi kuku wanavyotafuta kivuli mchana na kugombana chini ya mkokoteni, na Mama anacheka mpaka anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Mimi nilikuwa na alama za kwanza katika hesabu, lakini alama hazimchekeshi mtu.

Jambo moja niliona bila kuuliza. Kwetu mahindi huwekwa darini, juu ya moto, ili moshi uwafukuze dumuzi. Miaka ya nyuma, ilipofika wakati wa kupanda, dari letu lilikuwa jeupe na tulikula viazi asubuhi, viazi jioni. Tangu Saidi aje, dari halikukauka. Kulikuwa na magunia, tena magunia manene, yamefungwa midomo kwa kamba ya katani. Nilidhani ni kile kishamba nilichokilima mwenyewe wakati wa likizo. Nilikuwa nikiyapiga magunia yale kofi la urafiki, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Hoza, kijana mwembamba aliyetoka chuoni, aliyetuita sote "ndugu", hata wale tusionyoa ndevu bado. Ilikuwa ile miaka baada ya Azimio la Arusha, shule zinalima, shule zinafuga, kila mwanafunzi na jembe lake. Mwalimu Hoza aliamini kwamba hata fizikia lazima ijitegemee. Chombo kikikosekana, tukitengeneze. Siku moja aliingia darasani na kile kisanduku cheusi, ameazima kwa rafiki yake fundi, ambaye miaka mingi baadaye aliniuzia mimi, akakiweka mezani na kusema, "Ndugu, tutaupima umeme kwa punje za mahindi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ukiweka mabamba mawili ya chuma yatazamane bila kugusana, moja ukalipa chaji chanya na jingine hasi, umepata kapasita, yaani ghala dogo la umeme. Mabamba hayo huvutana. Mwalimu alitaka tujue yanavutana kwa kani, yaani nguvu, kiasi gani, kwanza kwa hesabu, halafu kwa mizani. Mabamba yetu yalikuwa masinia. Moja lilitoka nyumbani kwake, jingine lilikuwa la Mama, sinia la aluminiamu la kupakulia wageni, ambalo kitako chake kilikuwa bapa kama uso wa maji. Sinia la chini lilikaa juu ya chupa nne za soda ili umeme usitoroke. Sinia la juu lilining'inia kwenye ncha ya ufito wa mwanzi uliosawazishwa kama mizani, na ncha ya pili ilibeba kifuniko cha kopo cha kuwekea punje. Katikati ya masinia tuliweka vipande vitatu vyembamba vya kioo yasigusane. Chini ya meza palikuwa na jiko la mkaa, kwa maana ukungu wetu ukilowesha chupa, umeme wote unateremka na maji.

Kamba ya kuning'inizia niliileta mimi. Nilipanda darini nikafungua mdomo wa gunia moja, nikaichambua ile kamba ya katani nyuzi kwa nyuzi. Ilikuwa nyepesi na imara.

"Kamba safi hii, Danieli," Mwalimu alisema. "Umeitoa wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu," nilijibu kwa kujivuna, kana kwamba nimeisokota mwenyewe.

Lakini ulipofika wakati wa kugawa kazi, mkono wa kisanduku alipewa Saidi. Alikuwa amezoea kusukuma mikokoteni ya mpunga kwao, mikono yake ilikuwa kama mizizi, naye aliweza kuzungusha kwa mwendo uleule bila kulegea, na volti zikatulia. Mimi nilipewa punje. Mimi, wa kwanza kwa hesabu, nikageuzwa muuza mahindi! Kila alipozungusha, kisanduku kikikoroma na nywele za mkono wake zikisimama, darasa zima lilimtazama yeye. Mtu anayeweka punje hatazamwi na mtu.

Halafu Mwalimu alitangaza jambo lililonikosesha usingizi. Kungekuwa na maonyesho ya sayansi ya mkoa kule Tanga, na walimu wa chuo cha ufundi wangekuja kutazama vijana. Chombo chetu kingekwenda, pamoja na mwanafunzi mmoja wa kukieleza. Mmoja tu. Mimi na Saidi tungepiga hesabu ya kani, kila mtu peke yake, na siku ya wazazi mizani ingeamua. Nilikuwa sijawahi kufika zaidi ya Mombo. Bahari nilikuwa naisikia kwa Saidi, ambaye naye alikuwa ameisikia kwa baba yake. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na zaidi ya kuitaka niende, nilitaka Saidi asiende.

"Msianze na kani," Mwalimu alituonya. "Anzeni na ghala. Bamba likisogea kidogo, nishati iliyo ghalani imebadilika kiasi gani? Badiliko hilo gawanya kwa umbali uliosogea. Kisha fuateni hesabu mpaka mwisho, hata macho yakikataa."

Nilikwenda kupigia hesabu yangu darini, juu ya magunia, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Nishati ya kapasita ni nusu ya uwezo wake wa kubeba chaji, mara volti, mara volti tena. Volti hazibadiliki, nilisema, kisanduku kinatoa elfu moja, basi. Sinia la juu likilikaribia la chini, uwezo unaongezeka. Kwa hiyo ghala linajaa. Nikasita. Sinia linakaribia na ghala linajaa? Hakuna kitu kinachokwenda chenyewe penye nishati zaidi, kama vile jiwe lisivyopanda mlima kwa hiari. Basi masinia hayavutani, yanasukumana! Kiasi chake nilikipata pia, uzito wa punje tano na kidogo.

Nilijua vizuri kwamba chanya na hasi huvutana. Lakini hesabu ilikuwa na uzuri wake, na ilikuwa yangu, nami niliona tayari jinsi nitakavyowashangaza watu wa Tanga. Katika karatasi yote ile hapakuwa na mkono unaozungusha. Saidi sikumwandika popote. Volti elfu moja zilikuwepo tu, zimeota zenyewe kama uyoga.

Yeye alikuwa chini, karibu na moto, anachora kwa mkaa sakafuni. Nilimsikia Mama, aliyekuwa akipukuchua maharage, akimuuliza, "Unachora nini hapo, mwanangu?"

"Nachora mkono wangu, mama. Unachoka, kwa hiyo lazima uingie kwenye hesabu."

Mama akacheka. "Ndivyo ngemo ilivyo. Aliyebaki nyumbani kupika, naye kalima."

Ngemo ni ile kazi yetu ya kualikana, majirani wote wanashuka shamba la mmoja na mwenye shamba anawalisha. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo ya Mama maisha yangu yote. Juu ya magunia nikatabasamu peke yangu. Wao na ngemo yao, mimi na sayansi.

Siku ya wazazi ilianza kwa ngemo hasa. Asubuhi wazazi walipalilia kabichi za shule, kisha wakaingia darasani na tope miguuni, harufu ya sweta mbichi na moshi ikijaa chumba. Mama alikaa benchi la mbele. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikasimama kando ya masinia, nikaeleza kwa sauti ya mhubiri. Nilisema sinia la juu litajiinua. Niliweka punje tano ndani ya sinia lenyewe, si kwenye kifuniko cha upande wa pili, ili zilizuie lisipande.

"Nikiondoa punje, mtaliona likipaa," nilisema. "Zungusha, Saidi."

Kisanduku kikakoroma. Harufu ya radi ikatoka. Niliondoa punje moja. Nikaondoa ya pili, ya tatu, zote. Sinia lilikaa palepale, limetulia kama kuku anayeatamia.

"Labda linangoja posho!" mzee mmoja alisema kutoka nyuma, na darasa likavunjika kwa vicheko.

"Zungusha vizuri, wewe!" nilimkemea Saidi.

"Nazungusha, Dani. Njoo ushike uone."

Mama alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mwalimu Hoza aliinua mkono watu wanyamaze. "Saidi, wewe ulipata ngapi?"

"Tano na kidogo, Mwalimu. Kama Dani." Jasho lilikuwa likimtiririka, lakini mkono haukulegea. "Ila zinakwenda upande wa pili. Kwenye kifuniko."

Na kwa kuwa mwenye punje nilikuwa mimi, ilibidi niziweke kwa mkono wangu mwenyewe. Ya kwanza, sinia likashika. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, bado limeshikwa na kitu kisichoonekana. Nilipoweka ya sita, sinia lilichomoka ghafla, ufito ukapiga mbizi, na wazazi wakashangilia kama goli limeingia. Walimshangilia Saidi.

Alipopewa chaki, alieleza akiwa bado anahema. "Dani hakukosea kwamba ghala linajaa. Linajaa kweli sinia likikaribia. Lakini linajazwa na nani? Mimi hapa. Ili volti zisishuke, kisanduku lazima kilete chaji zaidi. Nikipiga hesabu ya kile ninacholeta, ni mara mbili ya kile kilichoongezeka ghalani. Basi nusu inaingia ghalani, na nusu iliyobaki ndiyo inayovuta sinia."

"Umemsahau mzungushaji, ndugu," Mwalimu aliniambia, kwa upole ambao uliniuma kuliko fimbo.

Saidi alikwenda Tanga. Alipanda lori la mboga asubuhi yenye ukungu, sinia la Mama kwapani na blanketi la baba mabegani. Aliporudi alikuwa ameiona bahari, na kila jioni alipoanza kuieleza, mimi nilikumbuka kuni. Hakuna nyumba iliyokuwa na kuni nyingi kama yetu mwaka ule.

Mimi nilisoma. Nilisoma kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri, nakwambieni. Saidi hakuendelea. Baba yake aliugua, naye Saidi akarudi Magoma kushika shamba. Mimi niliingia chuo cha ufundi, na katika mtihani mmoja nikakutana na swali lilelile: tafuta kani kati ya mabamba mawili kwa kutumia nishati iliyohifadhiwa, volti zikiwa hazibadiliki. Nilitabasamu. Nilimrudisha mzungushaji katika mstari wa kwanza, nikamaliza kabla ya wenzangu kuchonga penseli. Nilidhani basi, somo lile nimelimaliza.

Kisha ikaja Zambia, na miaka. Mama alifariki nikiwa huko. Niliporudi, safari yangu ya kwanza ilikuwa kushuka Magoma kumwonyesha shangazi stashahada, ambayo niliifunga kwa magazeti isipate vumbi. Nilimkuta kibarazani, amezeeka, pindo la kanga limepandishwa, anasokota kamba ya katani juu ya paja. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsomea stashahada neno kwa neno mpaka mhuri.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Na umejisomesha mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi. Kwa jembe langu na kichwa changu."

Alicheka mpaka kamba ikamfumuka. "Basi magunia yangu yalikwenda kumsomesha nani? Nyani?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza, huku akianza kusokota upya. Kila mavuno, lori lililokuja kuchukua mboga milimani lilipanda na magunia yake. Moja la kula, na moja Mama aliligeuza ada. Ada ya Saidi hakuidai mtu, baba yake aliilipa mwenyewe. Iliyotoka kwenye gunia ilikuwa yangu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama yako alikataa. Alisema, 'Wifi, huyu mtoto ana majivuno. Akijua anakula kwa watu, ataacha shule akalime.' Tukamwachia majivuno yake, maana yalikuwa yanasoma vizuri."

Nilitazama kamba ile pajani kwake. Niliijua. Nilikuwa nimeichambua nyuzi kwa nyuzi nikajisifu nayo mbele ya Mwalimu. Nilikuwa nimeikalia, darini, nikipiga hesabu isiyo na mkono wa mtu. Nyumbani kwetu nako Saidi alisogea karibu na Mama na ghala likazidi kujaa, jambo ambalo halitokei lenyewe, na mimi, wa kwanza kwa hesabu, niliona kujaa kule kila siku nisiulize kunatoka wapi. Nilihesabu tu ukoko wa ugali ulivyokatwa.

Nisieleweke vibaya. Stashahada ni yangu, na mtihani nilifanya mimi. Saidi ana mashine ya kusaga pale Magoma, anaishi vizuri, watoto wake wananiita baba mkubwa na kuniogopa kidogo, jambo ambalo linanifurahisha. Lakini bahari aliiona kabla yangu, na nakiri kwamba hata leo nikifika ufukweni, kitu cha kwanza ninachohisi si upepo.

Shangazi alinipa pande la kamba nilipoaga. Wageni wangu hushangaa kwa nini fremu nzuri kama ile imetundikwa kwa kamba ya gunia. Siwajibu moja kwa moja. Nawapa kwanza kisanduku wazungushe mpaka mkono uchoke, halafu nawaeleza: ghala linajaa, sinia linavutwa, na vyote vinatoka kwako wewe unayezungusha. Nusu inaingia ghalani, nusu inavuta.

"Na mimi nabaki na nini?" wengi huuliza, wakijikanda bega.

Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi. Mzungushaji habaki na kitu.